Steringi, Adui na Habili Asiyesema

Jioni moja ya kiangazi vijana wa usharika wetu walitundika shuka jeupe kati ya miembe miwili nyuma ya kanisa, wakawasha jenereta, wakafunga mashine ya kuonyeshea picha juu ya meza ya sadaka tuliyoitoa nje kwa ruhusa ya wazee. Watoto walikaa mbele kwenye mikeka. Akina mama walikaa nyuma yao, wamejifunika khanga kwa ajili ya mbu. (Mbu wa Ifakara wana sifa mpaka Uswisi, maana wataalamu wa huko walianzisha maabara yao hapa miaka ya 1950.) Vijana walikuwa wameahidi filamu moja ya mafundisho na moja ya kuchangamsha. Ya kuchangamsha ilikuwa ya makauboi, ya zamani sana.

Ilipoanza tu, spika iliungua. Tukanusa moshi, na sauti ikaisha. Tulidhani watu wangeondoka, lakini hakuna aliyeondoka. Watoto walianza kusema wenyewe yale waliyodhani yanasemwa, na kabla ya dakika tano kupita walikwisha kujua nani ni steringi na nani ni adui. Hawakusikia neno hata moja. Walitazama kofia, ndevu, farasi na namna mtu anavyoshuka kutoka juu ya farasi, ikatosha.

Kijana mmoja wa jamii ya wafugaji alisimama akashangilia: "Kauboi ni Msukuma wa Marekani!" Watu wakacheka. Kijana mwingine, mtoto wa wakulima wa mpunga, akajibu kutoka gizani: "Basi leo adui tumemjua." Wapo waliocheka tena, ila si wote. Sisi tuliokaa kwenye viti vya nyuma tulitazamana.

Kicheko kile cha pili ndicho kilichotufanya tutafute habari za sinema za namna ile, zilitoka wapi, na kama ziliwahi kutuhusu sisi watu wa huku. Tuligundua kwamba ziliwahi.

Sinema zilipoanza hazikuwa na sauti. Watu walifungua vinywa, wakatikisa mikono, na maneno machache yakaandikwa kwenye ubao kati ya picha na picha. Ile inayohesabiwa kuwa mama wa filamu za makauboi ilitengenezwa Marekani mwaka 1903, ikaitwa The Great Train Robbery, habari ya wanyang'anyi wa treni. Ilichukua kama dakika 12 tu, na sehemu kubwa ilipigwa New Jersey, mbali kabisa na nyika za magharibi inazodai kuzionyesha. Kwa kuwa hapakuwa na sauti ya kumweleza mtu, mtengenezaji alilazimika kumweleza kwa macho. Mwema aonekane mwema tangu anapotokea, mwovu aonekane mwovu. Hapakuwa na nafasi ya mtu mwenye mashaka, wala ya mwovu mwenye mama mgonjwa nyumbani. Picha bubu inahukumu upesi.

Mwaka 1910 makauboi wa kweli walifika Afrika Mashariki na kamera.

Aliyewaongoza alikuwa mzee wa miaka 66, Charles Jesse Jones, aliyejulikana kwa jina la Buffalo Jones. Alizaliwa Illinois mwaka 1844, akahamia Kansas akiwa kijana, akawa mwindaji wa baisoni, wale nyati wa Marekani wenye manyoya mazito. Wanyama hao walikuwa mamilioni kwa makumi. Waliuawa kwa ajili ya ngozi zao, na wakubwa wa jeshi hawakusikitika, kwa sababu wenyeji wa nyika zile, ambao Wazungu waliwaita Wahindi Wekundu, walikula nyama yake, wakavaa ngozi yake na kujengea mahema yao. Ukimmaliza baisoni umemmaliza na mwenyeji bila kumpiga risasi. Ilipofika mwaka 1889 baisoni waliohesabiwa walikuwa kama elfu moja tu.

Jones alikuwa mmoja wa waliowaua. Kisha akajuta. Tangu mwaka 1886 alirudi nyikani mara kadhaa akiwa na kamba badala ya bunduki, akawakamata ndama waliobaki, akawalea na kuwazalisha. Baisoni wanaoonekana leo katika hifadhi za Marekani wanadaiwa kwa sehemu na watu wachache wa aina yake. Mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt alimweka kuwa mlinzi wa wanyama katika hifadhi ya Yellowstone. Sisi wahubiri tunapenda sana habari ya namna hii. Mwuaji amekuwa mlezi, mwenye bunduki ameshika kamba, na mhubiri ana mahubiri tayari. Tunaomba msomaji asifunge kitabu hapo, maana na sisi tulitaka kufunga hapo.

Roosevelt mwenyewe, alipotoka madarakani, alikuja kuwinda Afrika Mashariki tangu Aprili 1909. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa zaidi ya 500. Marekani nzima ilifuatilia safari ile magazetini. Kule Chicago mwenye kampuni ya sinema, William Selig, hakungoja picha za kweli. Alimvika mwigizaji nguo zinazofanana na za Roosevelt, akaleta simba mzee studioni, akampiga risasi mbele ya kamera, akawauzia watu picha hiyo kama uwindaji wa Afrika. Watu walijaa kuitazama. Picha za kweli zilizopigwa na Mwingereza Cherry Kearton zilipotoka mwaka uliofuata, wengi waliziona zimepoa. Ya uongo ilikuwa na simba anayekufa.

Ndipo Jones akaja na wazo lake. Roosevelt aliua, yeye atawakamata wanyama walewale wakiwa hai kwa kamba yenye kitanzi, kama kauboi anavyokamata ndama. Alileta farasi na mbwa kutoka Marekani, na makauboi wawili wa New Mexico, Marshall Loveless na Ambrose Means. Msimamizi wa safari alikuwa Guy Scull, ambaye baadaye aliandika kitabu juu yake. Mpiga picha alikuwa Kearton yuleyule. Katika nyanda za Kenya ya leo walikamata ngiri, pundamilia, twiga, pofu na duma. Walimfunga kifaru, aliyewasumbua kuliko wote. Mwishoni walimfunga simba jike, akapelekwa hai hadi bustani ya wanyama ya New York.

Ni vema kufikiri kidogo juu ya kazi ile ilivyofanyika. Kamera ya wakati ule ilikuwa sanduku zito lililosimama juu ya miguu mitatu, na mpiga picha alizungusha mkono wake pembeni, mzunguko wa taratibu usiobadilika, huku kifaru akija. Haikuweza kuvuta kwa karibu kilicho mbali kama simu zetu zinavyofanya. Tendo lilipaswa kutokea karibu, mchana, na mahali peupe. Nani aliyebeba sanduku lile? Nani aliyebeba miguu yake mitatu, na sahani za chakula, na maji ya farasi? Katika safari zote za nchi ile wakati ule mizigo ilikaa vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika, na hii pia. Lakini wanaokumbukwa ni Jones, Loveless, Means, Scull na Kearton. Tumewataja na sisi, na tumeweza kuwataja kwa urahisi.

Filamu ile ilipoonyeshwa iliitwa Lassoing Wild Animals in Africa, yaani kuwanasa kwa kamba wanyama wa mwitu wa Afrika. Mtazamaji wa New York au London aliona nyika pana, farasi, kamba na mnyama. Aliiona Kansas nyingine, nchi tupu inayomngoja mwenye kamba.

Nchi ile haikuwa tupu. Mwaka 1904 Wamasai walikuwa wametiliana mkataba na Waingereza, wakaondoka katika malisho yao ya Bonde la Ufa kuwapisha walowezi, wakaahidiwa kwamba Laikipia itakuwa yao daima. Mwaka 1911 ukaandikwa mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia. Baadhi yao, wakiongozwa na Legalishu, walikwenda mahakamani mwaka 1913, wakashindwa, kwa hoja kwamba mkataba wao na serikali si jambo ambalo mahakama ile ingeweza kuliamua. Filamu ya Jones ilipigwa katikati ya mikataba hiyo miwili. Wachunga ng'ombe wa Kimarekani walikuwa wakirusha kamba kwa ajili ya kamera katika nchi ambayo wachunga ng'ombe wenyewe walikuwa wakihamishwa.

Hapa ndipo toba ya mzee Jones inapotutia mashaka. Hatusemi ilikuwa ya uongo. Alimwona mnyama, akamhurumia, akabadili njia. Lakini jicho lake lilipofunguka kwa mnyama halikufunguka kwa mtu aliyeishi na mnyama yule, si Kansas wala huku kwetu. Toba inaweza kuwa ya kweli na bado ikawa nusu. Tunalisema hili kwa kujijua, si kwa kumhukumu marehemu.

Tugeukie bonde letu katika mwaka uleule. Mwaka 1910 Kilombero ilikuwa chini ya Wajerumani, wenye boma lao la kijeshi Mahenge. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walipolishambulia boma lile na kupokewa na bunduki za rashasha. Baada ya vita ilikuja njaa, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa kusini yote walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Watu walipopungua pori lilirudi, na pamoja na pori wakarudi tembo na mbung'o. Mgeni aliyepita miaka iliyofuata aliweza kusema, "Tazama nchi hii ya wanyama, haina watu." Kwa kutazama tu, angekuwa amesema kweli. Liwale, upande wa kusini-mashariki yetu, wakazi wa magharibi mwa wilaya walihamishwa miaka ya 1940 kwa sababu ya malale, na ardhi yao ikaunganishwa na pori la Selous. Watalii wa siku za baadaye waliiona nayo kuwa nyika ya tangu mwanzo wa dunia.

Habari za karibu zaidi wasomaji wetu wanazijua kwa miili yao. Mwaka 2002 bonde letu liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, kilomita za mraba 7,967, wakati huo likiwa makao ya sheshe wengi kuliko mahali pengine popote. Katika miaka hiyohiyo wafugaji waliongezeka, Wasukuma, Wamasai, Wabarabaig. Wengine walitoka Usangu, ambako waliondolewa mwaka 2006 na 2007. Mwishoni mwa mwaka 2012 ikaja Operesheni Okoa Bonde la Kilombero, na ng'ombe wengi wakaswagwa kutoka bondeni. Mwaka 2023 sehemu ya bonde ikawa Pori la Akiba. Katika mambo haya yote kuna hoja za kweli. Mto unahitaji kulindwa, kwa maana maji yake yanakwenda mbali kuliko sisi. Mkulima aliyekuta mpunga wake wa miezi mitano umelaliwa na ng'ombe usiku mmoja ana haki ya kulia. Mfugaji aliyehamishwa mara tatu katika maisha yake naye ana haki hiyo. Wote watatu, yaani mto, mkulima na mfugaji, wamo ndani ya mipaka ya usharika wetu, na wawili kati yao huja ibadani.

Miaka michache iliyopita, baada ya ugomvi mkubwa mashambani, tulihubiri juu ya Kaini na Habili. Tulidhani tumechagua vizuri, ndugu wawili, hasira, damu, onyo kwa wote. Hatukufikiri jambo ambalo mtoto wa Kipaimara angelifikiri. Kaini alikuwa mkulima na Habili alikuwa mfugaji. Tulipofika mahali Mungu anapoitazama sadaka ya Habili na kutoitazama ya Kaini, upande mmoja wa kanisa ulitabasamu na upande mwingine ulitazama chini. (Ndiyo, kanisa letu lina pande. Hakuna aliyezigawa, ila ukisimama madhabahuni unaziona.) Baada ya ibada mzee mmoja, mkulima, alitungoja mlangoni, akatushika mkono kwa adabu yote.

"Baba Mchungaji, kwa hiyo Mungu anapenda ng'ombe kuliko mpunga?"

Tukaanza kueleza juu ya moyo wa mtoaji. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, Baba. Lakini na wewe ni mchungaji." Akaenda zake. Hatukupata kulala vizuri. Lugha yetu imetupa jina moja na mtu wa ng'ombe, na mzee yule aliona kwamba tulikuwa tumeshachagua steringi.

Tulirudi kuisoma sura ile ya nne ya Mwanzo, tukaona kitu ambacho hatukukiona tulipokuwa chuo cha theolojia, pamoja na Kiebrania chote tulichofundishwa. Habili hasemi. Tangu anazaliwa mpaka anauawa hatamki neno hata moja. Kaini anasema na Mungu, anajibu kwa ukali, analalamika, anaomba, na Mungu anamwekea alama ili asiuawe. Habili anapita katika hadithi kama mtu wa sinema bubu. Sauti yake ya kwanza inatoka ardhini baada ya kufa, na anayeisikia ni Mungu tu. Msomaji akitaka kujua Habili alikuwa mtu wa namna gani, mpole au mwenye majivuno, kama aliwahi kupitisha kondoo wake katika shamba la kaka yake, hapati jibu. Tumemjaza sisi wenyewe, kama watoto wale walivyojaza maneno chini ya miembe.

Na Kaini je? Tunamkumbuka kwa tendo moja. Lakini Mungu alisema naye kabla ya tendo na baada ya tendo. Ndiye mtu ambaye katika sura ile Mungu anazungumza naye kuliko mwingine yeyote.

Sisi Walutheri tumefundishwa kwamba aliyeamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoeleza amri ya nane, haishii kutukataza tusimsingizie jirani. Anatutaka tumtetee na kuyapokea mambo yake kwa tafsiri iliyo njema. Tumeyakariri hayo tangu utoto. Ni mafundisho magumu kuyatengenezea sinema, hasa isiyo na sauti, kwa sababu mtu huyohuyo atapaswa kuvaa kofia mbili. Ni magumu zaidi kwenye mkutano wa kijiji asubuhi ya siku ambayo shamba limeliwa. Tumewahi kukaa katika mkutano kama huo tukaona mtu akihukumiwa kwa shuka aliloliva na fimbo aliyoishika, kabla hajafungua kinywa. Tumeona pia mkulima akiitwa mvivu na mchokozi na watu ambao hawajawahi kuinama kwenye tope la mpunga hata siku moja. Na siku hiyo sisi wenyewe tulinyamaza, tukijiambia kwamba mchungaji hapaswi kuegemea upande. Kunyamaza kwetu kulikuwa na upande.

Tangu hapo, katika darasa la Kipaimara, tunawapa vijana zoezi moja. Tunawaonyesha kipande cha filamu bila sauti, wanaandika huyu ni nani na anataka nini. Kisha tunakirudia kikiwa na sauti. Wengi hukosea, na hufurahi kukosea. Ile ya spika iliyoungua tumekwisha kuinunulia spika mpya. Kijana aliyejibu gizani usiku ule sasa ndiye fundi mitambo wetu.

Sikukuu ya mavuno iliyopita mfugaji mmoja alileta beberu mweusi, mnene, akamfunga kwenye mti karibu na magunia ya mpunga. Baada ya ibada tukafanya mnada kama kawaida. Beberu alipotajwa, mzee yule aliyetuuliza juu ya ng'ombe na mpunga aliinua mkono. Mtu mwingine akapandisha, mzee akapandisha tena, mpaka kwaya ikaanza kupiga vigelegele. Akampata. Akalipa kwa noti alizozitoa moja moja, akamwendea mnyama, akasimama, maana hakuja na kamba. Mfugaji alitaka kujua shamba la mzee liko upande gani. Kisha akafungua kamba mtini bila kuitoa shingoni mwa beberu, akamkabidhi ncha yake, akasema aende nayo tu, atairudisha Jumapili.